Jiwe Jikoni kwa Mama Gladness

Pale Kiseke, Mwanza, lami inapochoka na kugeuka changarawe, kuna jiwe bapa ambalo nyundo haijawahi kuligusa, kwa sababu limekaliwa tangu enzi mji huu ungali pori. Juu yake umeegemezwa ubao mrefu, na kando ya ubao kuna jiko la mkaa la Muganyizi, muuza kahawa, na birika lake lililopondeka tumboni. Nyuma, nyumba zimepanda kilima kwa kupishana na majabali. Mbele, kati ya mapaa mawili ya bati, kinaonekana kipande cha ziwa kisichozidi upana wa khanga. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi wenye kijiwe wanakaa hapo, kikombe kimoja kwa mabishano matatu, na ikifika saa tatu hakuna tatizo la nchi hii ambalo halijatatuliwa. Kesho yake matatizo yanarudi yote, nao pia.

Alhamisi hiyo Shimba alifika wa mwisho, na alikuja amevaa shati jeupe. Watu wakamgeukia. Shimba ni mpasua mawe, mtu wa mabega mapana na suruali zilizotoboka magotini, na shati hilo walimwona nalo mara moja tu, siku alipomuoa Modesta. Mkononi alikuwa na mfuko wenye blanketi, sabuni ya mche na mswaki. Modesta, mwenye mimba ya miezi saba, alimfungia vitu hivyo huku analia, kisha akafuta machozi na kumwonya asije akaliacha blanketi huko.

Asiyejua kisa aelezwe. Wiki tatu nyuma Shimba alikuwa anachoma jiwe kilimani. Ndivyo kazi ilivyo huku: unapanga kuni na matairi chakavu juu ya jabali, unawasha, jabali likishiba moto linapasuka, ndipo unaingia na nyundo na mtaimbo mpaka upate kokoto. Jiwe la siku hiyo lilipasuka vizuri kupita kiasi. Nusu ilibaki pale pale. Nusu nyingine, yenye ukubwa wa ng'ombe aliyelala, iligeuka polepole, ikasita kidogo, halafu ikashuka kilima, ikapita katikati ya migomba miwili na kuingia kwenye jiko la mabati la Mama Gladness bila hodi. Ashukuriwe Mungu, mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kuomba chumvi. Aliporudi alikuta jiwe limekalia sufuria ya maharage.

Shimba alishuka mbio, mdomo wazi, anatafuta neno la kusema. Kabla hajalipata, Wakili alikuwa ameshamshika mkono na kumvuta pembeni. Huyu Wakili jina lake ni Alexander. Alilinda geti la mahakama miaka kumi na moja, na sheria yote aliyonayo ilimfikia kupitia dirishani. Alimnong'oneza Shimba asiseme lolote, maana kila neno ni ushahidi, na tangu saa ile asimsogelee mama huyo wala asimsalimie, asije akaambiwa anavuruga shahidi. Siku ya nne Mama Gladness akafungua kesi.

Wakili akawaambia wenzake, mnaona? Angeongea, angeshtakiwa siku ile ile.

Kwenye mahakama ya mwanzo Shimba hakuzunguka maneno. Alipoulizwa alijibu, "Jiwe lilikuwa langu, mheshimiwa." Akapatikana na hatia ya uzembe na kuharibu mali, na leo saa nne ndiyo ilikuwa saa ya kusomewa adhabu. Watu walisema inaweza kufika miezi sita. Shimba alikuwa anaogopa, na hakuona aibu kuogopa. Jela yenyewe angeivumilia, maana kubeba mawe ameshazoea. Kilichomnyima usingizi ni hesabu moja: mtoto angezaliwa baada ya miezi miwili, na yeye angemwona kwa mara ya kwanza akiwa tayari anajigeuza mwenyewe.

— Mwangaluka, alisalimia Shimba, akaweka mfuko chini.

— Mwangaluka, kaka. Kaa hapa, alisema Wakili. Leo una bahati ya mtende.

— Bahati gani tena?

— Muswada umekwenda bungeni. Adhabu zote zinabadilishwa. Kifungo kinakufa.

— Kinakufa lini? Mimi nasomewa saa nne.

Wakili alitoa mfukoni ukurasa wa gazeti uliokuwa umefungiwa maandazi. Nusu yake ilikuwa imelowa mafuta hata unaweza kuona ziwa kwa upande wa pili. Akaunyoosha juu ya goti.

— Sikilizeni. "Muswada wa marekebisho ya sheria unapendekeza kwamba kwa makosa madogo, hakimu kabla ya kutoa adhabu ya kifungo atalazimika kwanza..."

— Kwanza nini? aliuliza Shimba.

— Hapo mafuta yanaanza.

— Ruka, soma mbele.

— Mbele kuna "...ya jamii." Halafu kuna tangazo la magodoro.

Muganyizi alicheka mpaka birika likatikisika. Yeye ni mtu wa Kagera, kafika kidato cha sita, na wenzake wanamwita Nshomile, kwa sababu kila anapofungua mdomo huanza na "sisi tuliosoma".

— Sisi tuliosoma tunajaza wenyewe penye mafuta, alisema. Ni adhabu ya kazi za jamii. Badala ya kukaa ndani unapewa ufagio, unafagia soko, jioni unarudi kwa mkeo. Kwisha habari.

Shimba aliuhisi moyo wake ukipanda. Ufagio! Angefagia Mwanza nzima, kutoka Nyamagana mpaka uwanja wa ndege, angefagia na ziwa kama wangetaka.

— Sasa ngoja, alisema Obedi. Huyo ni dereva wa bodaboda ambaye wamembatiza Breki, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho pikipiki yake haina. — Ngoja kwanza. Mkosaji akifagia soko, yule aliyeajiriwa kufagia anaenda wapi?

— Anapumzika.

— Anapumzika bila mshahara? Si ataiba? Akiiba anashtakiwa, akishtakiwa anapewa ufagio. Kumbe ili urudi kwenye kazi yako inabidi uibe kwanza!

— Breki, acha kamba.

— Kamba gani? Mwaka kesho utaona matangazo ya kazi: "Mwombaji awe raia, awe na afya njema, awe na kosa lisilopungua moja." Vijana wenye shahada watakuwa wanapiga watu mawe ili wapate uzoefu.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu, alisema Wakili kwa uzito.

— Hiyo inahusianaje?

— Inahusiana na kufagia. Upwa ni mahali pa kufagiliwa.

Hakuna aliyekuwa na uhakika wa kutosha kumpinga, basi ikapita.

— Tatizo la Shimba siyo kazi, aliendelea Wakili akishusha sauti. Tatizo lake ni uzito. Gazeti limesema "makosa madogo". Sasa nani anapima udogo? Wataleta mizani. Kosa chini ya kilo hamsini, ufagio. Kuanzia tani moja, gereza la Butimba.

— Unasema gete, kweli kabisa? aliuliza Shimba.

— Nasema. Nilisikia kwa masikio yangu pale dirishani: hakimu alisema, "Mahakama imepima uzito wa kosa." Alisema imepima! Lile jiwe lako lina tani ngapi?

Shimba, ambaye anajua mawe kama wafugaji wanavyojua ng'ombe wao, alijibu bila kutaka.

— Tani tatu. Labda tatu na nusu.

— Umekwisha, kaka.

— Si tulipunguze basi! alidakia Breki. Apande sasa hivi, alipasue, liwe kokoto. Kila kokoto ni kosa dogo.

— Wewe unataka kumfunga milele, alisema Nshomile. Sisi tuliosoma tunajua hesabu. Tani tatu na nusu ni kokoto kama laki moja. Akilipasua anakuwa na makosa laki moja, na kila moja lina faili lake. Karani wa kuyaandika hajazaliwa.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Wakili kwa huzuni.

— Halafu huwezi kuligusa lile jiwe, Breki alikumbuka, akimgeukia Wakili. Si uliwaambia watu ni kielelezo?

— Ndiyo. Jiwe ni kielelezo namba moja. Pale lilipo ndipo litakapokaa. Mtu akilisogeza hata inchi moja, kaharibu ushahidi. Nilimtangazia kila mtu pale kilimani, na mwenyekiti wa mtaa nilimwambia. Walikuja vijana wanne na mitaimbo kutaka kulitoa, nikawarudisha.

Alisema hivyo kama mtu anayesubiri kupongezwa, na kweli Breki alimpongeza.

Shimba alikunywa kahawa ikamuunguza ulimi. Muda wote huu alikuwa anajaribu kutofikiria jiwe, na hawa jamaa walikuwa hawamwachii nafasi. Kwa wiki tatu alikuwa anazunguka kilima kizima akienda kazini, njia ya nusu saa badala ya dakika tano, ili asipite mlangoni kwa Mama Gladness. Siku moja walikutana uso kwa uso bombani. Mama huyo ana umri wa mama yake mzazi, na tangu Shimba akiwa mtoto hajawahi kumpita bila shikamoo. Siku hiyo aliinamisha kichwa akapita kimya, ndoo tupu mkononi, na masikio yake yaliwaka moto mpaka jioni. Alipomweleza Wakili, Wakili alimpiga bega na kumwambia kwamba huo ndio ukomavu wa kisheria.

— Kuna jambo jingine, alisema Nshomile akiongeza mkaa. Mimi nasikia muswada unagusa familia. Adhabu itagawanywa kwa ukoo. Mtu mmoja akikosa, miezi inagawanywa sawa kwa ndugu wote.

— Hiyo nayo umeitoa wapi?

— Nimeifikiri. Sisi tuliosoma tunafikiri kabla bunge halijafikiri.

— Kwa Wasukuma itakuwa raha, alicheka Breki. Ukoo wa Shimba wakijipanga kutoka hapa wanafika Magu. Miezi sita ikigawanywa, kila mtu anaingia Butimba saa sita mchana, anakula ugali na maharage, saa saba katoka, anamwachia wa nyuma.

— Na ninyi Wahaya je? Shimba alimuuliza Nshomile, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alitabasamu.

— Sisi tutakata rufaa. Kila ndugu kwa hoja yake, na kwa Kiingereza. Mpaka hakimu aombe kuhamishwa.

Wote walicheka, Shimba naye, na kicheko kilimsaidia kidogo. Mtani akikucheka siku ya msiba hajakutukana, amekushika mkono.

Ilikuwa inakaribia saa moja na nusu mwanamke mmoja aliposhuka kutoka upande wa pili wa kilima akiwa na kikapu. Alikuwa mgeni; alihamia Jumamosi, na wenye kijiwe walikuwa wameshajadili godoro lake, kabati lake na idadi ya masufuria yake kabla hawajalijua jina lake. Alisimama mbele ya pikipiki.

— Habari za asubuhi. Mwenye bodaboda nani hapa? Nataka kwenda sokoni.

— Mimi, dada. Dakika moja tu, tunamalizia sheria, alijibu Breki.

— Karibu kahawa wakati unasubiri, alisema Nshomile, ambaye hajawahi kuacha mteja apite. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Unaitwa nani?

— Odeta. Natokea Ukerewe.

Wakasogea, akakaa mwisho wa ubao, kikapu magotini, akapokea kikombe. Kwa heshima ya mgeni, Wakili alianza upya tangu mwanzo. Alieleza jinsi jiwe lilivyopasuka, alivyookoa jahazi kwa kumziba Shimba mdomo, alivyolilinda jiwe lisiguswe, muswada ulivyokwenda bungeni, ufagio, mizani, na ukoo wa Shimba mpaka Magu. Kila alipofika mahali pa kuchekesha Breki alimtangulia kucheka. Odeta alisikiliza bila kumkatisha, akipuliza kahawa yake.

— Kwa hiyo, alimalizia Wakili, swali lililobaki ni moja. Huyu kijana anaangukia sheria ya zamani au mpya? Mimi nasema akifika asimame aseme: "Mheshimiwa, naomba adhabu yangu isubiri muswada."

— Akubaliwe asubiri kama mtu anayesubiri basi? alisema Nshomile. Sheria ni msumeno!

— Ndiyo! alidakia Wakili. Hukata mbele, na nyuma... na nyuma nako inakata muswada.

— Mimi nasema aanguke azimie, alisema Breki. Aliyezimia hasomewi. Atazimia kila Alhamisi mpaka bunge likae.

— Mtu wa kilo tisini akizimia mahakamani ataharibu mali nyingine, alisema Nshomile.

— Samahani, alisema Odeta. Naomba kuuliza.

— Uliza, dada. Swali lolote la kisheria, alisema Wakili na kukaa wima.

— Siyo la sheria. Huyo mama, jiwe si liko jikoni mpaka leo?

— Liko. Ni kielelezo.

— Sasa wiki zote hizi tatu anapikia wapi?

Wakili aliliangalia gazeti, kana kwamba jibu linaweza kuwa chini ya mafuta. Nshomile alianza kumimina kahawa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, ikafurika juu ya kidole chake. Breki aligeukia pikipiki yake na kuifuta kioo kwa mkono wa shati.

— Labda kwa binti yake, alisema mwishowe. Gladness.

— Gladness kaolewa Geita, alisema Nshomile taratibu.

— Basi kwa majirani.

— Majirani gani? Jirani yake ni nani? aliuliza Odeta. Hakuuliza kwa ubaya. Ni mgeni, alitaka tu kujua watu wa kilimani.

Wote walimjua jirani yake. Upande wa juu, hatua arobaini, ni kwa Shimba. Upande wa chini ni kwa Wakili mwenyewe. Shimba aliangalia mikono yake. Alikuwa amelala macho usiku ishirini na moja akipiga hesabu ya miezi, ya Modesta, ya mtoto, na ya hakimu. Hakuna hata usiku mmoja alioupa jiko la yule mama. Alisikia aibu kali, na haikuwa ile ya kushtakiwa, maana ya kushtakiwa alishaizoea.

Akasimama.

— Unakwenda wapi? Mahakama ni saa nne, alisema Wakili.

— Kwa Mama Gladness.

— Shimba! Usithubutu! Utavuruga shahidi!

— Shahidi wa nini, mzee? Mimi si nilishakiri?

Shimba alishaanza kupanda, kwa njia ya mkato, ile ya dakika tano, shati lake jeupe likionekana kati ya mawe. Mfuko wenye blanketi aliusahau chini ya ubao.

— Breki, pitia nyumbani kwangu! aliita bila kugeuka. Mwambie Modesta akupe nyundo kubwa na mitaimbo yote miwili!

— Na mimi sokoni? aliuliza Odeta.

— Panda, dada, alisema Breki akipiga teke la kuwasha. Soko halihami.

Nyumba ya Mama Gladness ni ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili, uwanja umefagiliwa. Shimba alisimama pembeni ya mgomba. Jiko la mabati lilikuwa limelala ubavu, na ndani yake jiwe lilikuwa limekaa vile vile, kubwa, limetulia, bila wasiwasi wa kuondoka. Moshi haukutoka huko. Ulitoka nyuma ya nyumba, upande unaopigwa na upepo wa ziwa. Huko Mama Gladness alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga matatu, mwavuli uliovunjika mbavu ameuegemeza kwenye gunia la mchanga ili kukinga moto, khanga kajifunika kichwani. Alikuwa anapuliza. Moto ukishika, upepo unauzima, anapuliza tena. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi, na ukutani nyuma yake kulikuwa na baka jeusi la masizi ya wiki tatu.

Shimba alikuwa amejiandaa kwa maneno ya mahakamani, "mheshimiwa naomba msamaha, nina mke mjamzito", na hata neno moja halikumfaa hapa.

— Shikamoo, mama.

Mama Gladness aliongeza kuni, akafunika sufuria, akajipangusa mikono kwa pindo la khanga.

— Marahaba, Shimba, alisema. Nimekaa na hiyo marahaba wiki tatu, sina wa kumpa.

— Nisamehe, mama. Niliambiwa nisiongee.

— Na nani?

Shimba aliangalia chini kilimani. Nyuma ya jabali la kwanza Wakili alikuwa anapanda huku anahema, gazeti lake mkononi, na nyuma yake Nshomile kaacha birika jikoni, jambo ambalo Kiseke haijawahi kuliona.

— Na watu, alisema.

— Mimi sikwenda kushtaki jiwe, alisema Mama Gladness. Jiwe ni jiwe; mawe tumezaliwa nayo, tutazikwa katikati yake. Siku ya kwanza nilisema, atakuja jioni. Ya pili nikasema, anaona haya. Ya tatu nikaweka na maji ya kunywa, nikasema leo anakuja na wenzake. Ukapita kule juu na mtaimbo wako begani, ukatazama pembeni. Nikasema basi, ngoja nimtafute mtu wa kumlazimisha anisikie. Nikakuta ni hakimu peke yake.

Shimba alilia. Hakuficha. Mtu wa kilo tisini, shati la harusi, alisimama kwenye moshi na kulia kama mtoto aliyechapwa, na Mama Gladness alimwacha alie mpaka akamaliza, maana naye alikuwa na machozi ya kwake ambayo kwa bahati moshi ulimsaidia kuyaeleza.

Pikipiki ilisikika inakuja kwa kasi, ikapita nyumba, ikapiga mgomba, ikasimama. Breki akashuka na mitaimbo, Odeta akashuka na nyundo kubwa ndani ya kikapu chake cha sokoni.

— Mama, shikamoo, alisema Odeta. Mimi ni jirani mpya, wa upande ule.

— Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole na barabara.

Wakili alifika akishika mbavu. Aliliangalia jiwe, akauangalia mwavuli na masizi ukutani, akalikunja gazeti mara nne na kulitia mfukoni.

— Shikamoo, shemeji, alisema, ingawa wana umri mmoja na hawana undugu wowote.

Mama Gladness alimtazama tu, na Wakili akaona ni vyema aanze kuviokota vipande vya bati.

— Mama, alisema Shimba, wiki iliyopita hakimu alikuuliza unaonaje kuhusu adhabu yangu.

— Aliniuliza. Nikamwambia nitamjibu Alhamisi, kwa sababu sikuwa najua bado kama nina jirani au sina.

— Na leo utamwambia nini?

Mama Gladness aliangalia jua lililokuwa linachungulia juu ya majabali ya Ilemela. Akaliangalia jiwe lake la tani tatu na nusu. Akaenda ndani, akatoka na kibao cha kukalia, akakaa.

— Saa nne bado, alisema. Vua shati, anza na jiwe.